Baba Alipokata Vichwa vya Maua Yangu

Hapa Mshangano ukipanda kitu kisicholiwa, watu wanakuona una tatizo. Nimekaa mtaa huu miaka mingi. Nimeona mtu anajenga choo kisicho na mlango na hakuna aliyemsemesha, nimeona mtu anafuga mbwa saba wasiofungwa na majirani wote kimya. Lakini mimi nilipoacha kupanda mahindi kwenye kipande kile cha uani, kipande chenyewe hakizidi kanga nne ukizitandika chini, nikapanda maua, basi nikawa habari ya mtaa. Eti haya yanaliwa? Eti utayaunga kwa karanga? Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kwa upole kabisa, ule upole unaouma, kama nimepata mfadhili. Nikamjibu kwamba hata yeye haliwi na bado tunamvumilia. Tangu siku hiyo alinisalimia kwa kidevu.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza changu Majengo, na kutwa nzima naangalia vitambaa vya watu vyenye maua. Nilitaka na mimi niwe na maua yangu, tena yaliyo hai. Sioni kama hilo ni kosa la kuitiwa kikao.

Mbegu alinipa mpangaji wangu, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Njombe. Alikuja na kipakiti cha karatasi, akasema kwao watu wanayapanda mbele ya nyumba na yanapenda baridi. Baridi tunayo. Mwezi wa sita hapa Songea ukiosha vyombo asubuhi, vidole vinakufa ganzi. Akanionyesha picha kwenye simu. Maua yamejipanga kwenye shina moja kutoka chini kwenda juu, mekundu, ya njano, mengine meupe yenye waridi kwa ndani, na kila ua lina midomo miwili iliyofumba. Ukilibana mashavu kwa vidole linafunua mdomo, ukiliachia linafumba. Jina lake la Kiingereza alilitaja, halikunikaa. Nikayaita maua ya midomo, na nyumbani kwangu ndilo jina lake mpaka leo.

Nilipofungua kile kipakiti nilicheka peke yangu. Mbegu zenyewe vumbi. Mtu mwingine angeduwaa asijue pa kuanzia, lakini mimi ni mtoto wa tumbaku. Nimezaliwa na kukulia Namtumbo, baba yangu amelima tumbaku maisha yake yote, na mbegu ya tumbaku nayo ni vumbi vilevile, ukipiga chafya umepoteza shamba. Kwa hiyo nikafanya tulivyofanya utotoni. Nikatengeneza kitalu, nikachoma majani makavu juu yake ili wadudu wafe, udongo ulipopoa nikaweka mbegu kwenye keni ya kumwagilizia, nikakoroga, nikazimwaga pamoja na maji ili zienee sawasawa. Juu nikatandaza nyasi kidogo tu, mwanga upite. Zikaota karibu zote. Mwalimu wangu alikuja kuchungulia kila jioni, akaniambia kwao wengi wanazifukia na hazioti. Nikajisikia profesa.

Miche ilipopata majani sita nikaihamishia kwenye matuta. Ikapanda juu haraka, kila mche shina moja, jembamba, refu, nikaliegemeza kwenye kijiti.

Sasa Baba. Baba alikuja kwangu mwezi wa sita kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na sisi watoto wake tulikubaliana atibiwe Songea, akae kwangu mpaka apone. Alikubali kwa sharti moja, na alilitamka mbele yetu wote tukiwa tumekaa: mvua za kwanza zisimkute mjini. Kitalu chake atakisia yeye, kwa mkono wake, shambani kwake. Shamba hilo liko bondeni karibu na mto, na pembeni yake lilikuwepo bani, kibanda cha miti na udongo cha kukaushia tumbaku kwa moshi, alichokijenga mwenyewe kabla sijazaliwa. Watu wazima na akili zao walikuwa wanatoka vijiji vingine kuja kumuuliza tumbaku yao ina nini. Kumwondoa Baba pale ni kumwondolea kila kitu, na hilo tulilijua wote.

Kaka yangu mkubwa alilijua kuliko wote. Yeye anaishi palepale kijijini, na kwa misimu miwili alikuwa anamwomba Baba amwachie lile bonde ang'oe tumbaku apande ufuta. Mara zote mbili Baba alimjibu kwamba bonde litakuwa lake siku atakayomzika yeye. Kaka hakuleta ugomvi. Kaka yangu si mtu wa ugomvi, ni mtu wa kusubiri.

Hospitali walimfanyia Baba jicho moja, baadaye la pili. Wakampa miwani nyeusi na masharti: asiiname, asibebe kitu kizito, asikae kwenye vumbi wala moshi. Mimi hayo masharti nikayachukua nikayafanya msahafu. Akishika ufagio, namnyang'anya. Akitaka kuchanja kuni, Baba kaa. Akisogeza ndoo, Baba kaa, kwani hapa hakuna watu? Nilijiona binti mwema kupindukia. Mzee wa watu akabaki kuzunguka uani na mikono nyuma, anahesabu kuku ambao hawakuzidi sita.

Asubuhi alipenda kusimama kwenye matuta ya maua. Nilimsimulia nilivyozisia mbegu kwa keni, akacheka mpaka akatoa miwani kufuta machozi. Akaniuliza mmea huu tunaufuata nini, jani au ua. Nikamwambia ua, Baba, hili jani halina kazi. Akasema sawa. Mazungumzo yakaishia hapo, nikawahi kazini.

Wakati huohuo zamu ya jumuiya yetu ya kupamba kanisa ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa nimeshaongea. Nimechoka na yale maua ya plastiki. Jamani, nani alituambia Mungu anapenda plastiki? Yananunuliwa Majengo, yanakaa altareni mpaka yanashika vumbi, yanalowekwa kwenye beseni la sabuni ya unga, yanaanikwa kwenye kamba pamoja na nguo za ndani za mtu, halafu yanarudishwa mbele ya altare tuyapigie magoti. Niliyasema hayo kwenye jumuiya, mbele ya wote, nikaahidi kwamba zamu hii altare itapambwa kwa maua ya kweli kutoka uani kwangu. Yule mama wa kidevu akasema tutaona. Nikamwambia ndiyo, utaona, maana macho unayo.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Vitumba vilikuwa vimeshajaa kwenye kila shina, na vichache vilianza kuonyesha rangi kwenye ncha. Siku hiyo nilifunga kazi mapema, nikapitia Msamala kuchukua vifungo, nikarudi nyumbani saa tisa alasiri. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya matuta. Pembeni yake kulikuwa na beseni langu la kufulia. Ndani ya beseni kulikuwa na vichwa vya maua yangu yote.

Vyote. Alikuwa amevikata kwa ukucha wa dole gumba, kimoja kimoja, vizuri kabisa, na amevilaza vikielekea upande mmoja. Matutani yalisimama mashina matupu.

Ili mtu aelewe nilichokiona, ni lazima ajue kwamba tumbaku hukatwa kichwa. Ikitaka kutoa ua unaliondoa, nguvu yote irudi kwenye majani yanenepe. Kwetu mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kuandika: ua ni adui, kata. Mimi mwenyewe nimekata maelfu. Kwa hiyo nilipoona lile beseni sikuwa na haja ya kuuliza. Nilijua. Baba yuko Mshangano, kichwa chake kiko Namtumbo, ameona mmea uliosiwa kwa keni na kupandwa kwenye tuta, akaukata ua kama alivyokata miaka yote.

Niliwaka. Sitaki kujipamba hapa. Nilimpigia baba yangu kelele. Nilimwambia, "Baba, hii si tumbaku! Hii si tumbaku, Baba!" Nilirudia kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa mbuzi aliyeingia jikoni. Yeye akanyanyua mkono kidogo, akasema, "Ngoja, mama." Baba ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Mimi sikungoja. Nilichukua beseni, nikalimwaga kwenye shimo la takataka mbele ya macho yake, macho ambayo tulikuwa tumetoka kuyatibu.

Kisha nikampigia simu kaka. Nilikuwa bado nahema. Nikamwambia aje amchukue baba yake, ananikatia maua anadhani ni tumbaku, akili zimemwisha. Kaka akasema mtandao mbaya, hebu rudia. Mimi mjinga, nikarudia, tena kwa sauti zaidi: akili zimemwisha, hajui tena alipo. Akasema pole dada, nimekusikia vizuri.

Bora ningeishia hapo. Jumapili iliyofuata wanajumuiya walikuja kwangu kuangalia hayo maua yaliyoahidiwa, na mimi ilibidi nijitetee. Yule mama alikuwa mbele kabisa. Nikawaambia yaliyotokea, na nilivyoona wanaanza kucheka, nikaona afadhali wamcheke mzee kuliko wanicheke mimi. Nikamwigiza. Nikaweka mikono nyuma, nikatembea kama yeye, nikajifanya nakata ua kwa ukucha huku nasema jani, jani, tunataka jani. Walicheka mpaka wengine wakashikilia mbavu. Baba alikuwa chumbani. Nyumba yangu haina dari.

Zamu yetu ikafika, altare ikapambwa kwa plastiki. Mimi matuta yale sikuyatazama tena. Nilipita nimegeuza shingo, na Baba tukawa tunasalimiana tu. Shikamoo Baba, marahaba mama, umeamkaje, nimeamka. Chakula namtengea, anakula, anasema asante. Nilikuwa bado nimevimba, na niliona nina haki ya kuvimba.

Wiki tatu zilipopita tangu siku ya lile beseni niliamua kung'oa yale mashina nipande mchicha, watu wafurahi. Nikaenda na jembe. Nikainama nishike shina la kwanza, mkono ukasita.

Lile shina halikuwa tupu. Pale lilipokatwa, chini yake, kwenye kila kwapa la jani kulikuwa kumetoka chipukizi. Matatu, manne, mengine matano kwenye mche mmoja, manene, yameshaanza kubeba vitumba. Nikaangalia mche wa pili, wa tatu, tuta zima. Mche uliokuwa mwembamba wa kuegemezwa kwenye kijiti sasa umejaa kama kichaka, umesimama wenyewe. Na udongo ulikuwa umelowa. Kuna mtu alikuwa anamwagilia kila asubuhi nikishatoka.

Nilikaa chini pale pale na sketi yangu ya kazini. Kilichonikalisha hayakuwa machipukizi. Ni kwamba hakuna hata moja lililovunjwa. Kwenye tumbaku ukishakata kichwa, mmea unalipiza, unatoa maotea kwenye makwapa ya majani, na maotea hayo lazima uyavunje kila wiki, la sivyo umekata bure. Kazi hiyo ni yetu watoto. Utoto wangu wote vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wake. Mtu ambaye akili yake imebaki Namtumbo, anayedhani haya ni matuta ya tumbaku, asingeacha otea hata moja. Mkono ungeenda wenyewe. Baba alipita hapo wiki tatu na keni mkononi, akaangalia maotea yanakua, akayaacha.

Nikamfuata. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, kazi pekee niliyomruhusu. Nikamuuliza kwa nini alikata.

"Uliniambia unataka ua," alisema. "Shina moja lilikuwa linakupa ua moja, nalo linaanguka. Ukilikata bado changa, linakupa matano. Tumbaku tunavunja maotea kwa kuwa tunataka jani. Hapa nimeyaacha."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema aliniambia ningoje. Akaendelea kuchambua maharage.

Kwa hiyo aliyekuwa Namtumbo siku ile ni mimi. Mimi ndiye niliyeona kichwa kimekatwa nikaona tumbaku. Mzee wa watu, na macho yake mapya, alikuwa ameangalia mmea asioujua, akaufikiria, akauliza unafuatwa nini, akatenda. Mimi na kaka na kila mtoto wa tumbaku aliyesikia ile habari, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mara mbili, kwa sababu sisi tumefundishwa kukata, hatukufundishwa kwamba mmea uliokatwa unaweza kuachwa.

Nilimpigia kaka siku hiyohiyo. Nikamwambia nilikosea, Baba ni mzima, sikia alivyofanya. Nikamweleza yote mpaka mwisho. Kaka akasema kwa ile sauti yake ya pole kwamba dada, kikao kilishakaa. Siku ile nilipopiga simu alikuwa na baba zetu wadogo, aliweka spika, wakasikia wenyewe. Na mimi nilirudia. Walikubaliana Baba abaki kwangu karibu na hospitali, bonde alitunze yeye. Ameshaanza kulisafisha.

Hivi mtu anaweza kumhukumu mzee kwa simu ya mtu mwenye hasira? Anaweza. Tena haraka, kama alikuwa amekaa anaisubiri.

Jumamosi nikaenda Namtumbo. Nilisimama mbele ya baba zangu wadogo, nikawashika miguu, nikawaeleza habari ya maotea, nikijua hao ni wakulima wa tumbaku, watanielewa kuliko mtu yeyote. Walinisikiliza vizuri. Mmoja akaniambia ni jambo jema binti kumtetea baba yake. Mwingine akasema wanajua ninavyompenda, lakini siku ile nilisema kilichokuwa moyoni. Nikawauliza kwani leo nasemea wapi, tumboni? Wakasema nipunguze jazba. Nikitukana, mimi msema kweli. Nikitubu, mimi mtoto mwenye huruma. Nilitamani kupasua kitu.

Nikashuka bondeni. Bani halikuwepo. Miti yake ilikuwa imebebwa kwa kaka, amejengea zizi la mbuzi, na pale liliposimama pamebaki mstatili mweusi wa masizi. Mlango wake, ule wa mbao za mninga ambao Baba aliuchonga mwenyewe, umefungwa kwenye zizi kwa waya. Sikumwambia Baba. Niliporudi Songea aliniuliza nimewakutaje huko, nikasema wazima.

Kaka alikuja kumwambia mwenyewe, wiki moja baadaye, na kuku wawili na unga wa ugali mpya. Alimpigia Baba shikamoo ya kuinama kabisa. Akakaa kwenye ncha ya kiti, akazungumza taratibu kuhusu uzee na afya, kwamba Baba amehangaika vya kutosha, kwamba watoto tupo, kwamba familia imeona apumzike. Baba alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akauliza swali moja.

"Nani amesema akili zimeniisha?"

Kaka aliniangalia mimi. Nami nilikuwa nimeshika sinia la chai, na nakiri kwamba kwa sekunde moja nilifikiria kusema ni wazee.

"Ni mimi, Baba," nikasema.

Baba alivua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe ulikuwa na mimi hapa kila siku," alisema. Basi. Akamgeukia kaka, akamuuliza habari ya mlango wa bani, umewekwa wapi. Kaka akasema umehifadhiwa. Nikasema uko kwenye zizi la mbuzi. Baba akaomba chai yake, akanywa, akaenda kulala mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Maua yalichanua mwezi wa kumi. Nisiseme uongo, yalikuwa mazuri kupita picha ya yule mwalimu. Kila mche mashina matano, kila shina limejaa midomo, uani kukawa kwekundu na kwa njano mpaka wapita njia wanasimama. Watoto wa shule walikuwa wanayabana mashavu wakirudi nyumbani. Yule mama wa kidevu alikuja mwenyewe kuniomba maua ya altare, na nikampa, ndoo mbili. Jumapili hiyo Padri alisifu. Baada ya misa akina mama wakanizunguka, wananiuliza nimefanyaje yakajaa hivi.

Nikaona hapa ndipo pa kuyarudisha maneno yangu. Nikapaza sauti, nikasema ni baba yangu. Nikawaambia siku ile niliyomwigiza mkacheka, alikuwa anafanya kazi hii mnayoisifu, yeye ndiye aliyejua na mimi ndiye nisiyejua. Nilisema wazi, mbele ya mlango wa kanisa, nimemkosea mzee na naomba muache kumcheka. Yule mama akanishika bega, akasema kwa upole wake, "Kumbe Mungu huwatumia hata walio hivyo." Wenzake wakaitikia.

Hata walio hivyo! Nimeshona nguo za nusu ya wanawake wale. Najua viuno vyao na ninajua siri zao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuliachia lile neno nililompa bure. Kuwachekesha ilinichukua dakika tano. Kuwaambia ukweli nimeshatumia mwaka na bado nawaambia, na bado wakipita kwangu wanamsalimia Baba kwa sauti ya juu, polepole, wakikata silabi, kana kwamba ni kiziwi. Yeye anaitikia kwa sauti ya kawaida. Mwingine alimuuliza kama anajua leo ni siku gani. Nilimfukuza uani kwangu kwa ufagio, na najua amekwenda kusema na mimi akili zimeanza kuniruka.

Mvua za kwanza zilimkuta Baba mjini. Siku iliponyesha alitoa kigoda, akakaa barazani akiangalia maji yanavyotiririka kwenye matuta yangu. Kijijini bonde likapandwa ufuta. Kaka anapiga simu kila Jumapili kuuliza hali ya mzee, na mimi namwambia muulize mwenyewe, yupo, anasikia, anaongea. Anasema hataki kumchosha.

Mwaka huu tulisia tena. Nilimkabidhi Baba pakiti ya mbegu, kitalu, keni na kila kitu, nikamwambia hii kazi ni yako, mimi ndiye kibarua. Alifanya yote vizuri. Juzi nilimkuta kwenye matuta. Miche imefika kimo cha kukatwa, vitumba vimeanza, na yeye amesimama na mikono nyuma. Nikamuuliza mbona hakati, zinapita siku. Akaniita nisogee. Akanyoosha kidole mpaka karibu kabisa na shina, pale hasa panapotakiwa, lakini hakuligusa.

"Hapa," alisema. "Kata wewe, mama. Nikikata mimi, watasema."